Noti za Kambini: Fedha Maalumu za Majeshi Yaliyowekwa Ughaibuni

Askari anayepelekwa nchi ya mbali huhitaji silaha, chakula na mshahara. Mambo mawili ya kwanza yameandikwa sana na wanahistoria; la tatu aghalabu hupitwa upesi, kana kwamba mshahara ni shughuli ya makarani tu. Hata hivyo mshahara ndio unaomkutanisha askari na mwenyeji. Kwa bunduki yake askari hukutana na adui. Kwa fedha zake hukutana na muuza matunda, dobi, kinyozi, mwenye kilabu cha pombe na mwenye nyumba ya kupangisha. Kwa hiyo swali la askari wa ughaibuni alipwe fedha gani ni swali la nani atafaidika kwa kuwapo kwake, na nani atabaki na hasara mkononi siku atakapoondoka.

Zipo njia tatu za kumlipa askari wa namna hiyo. Ya kwanza ni kumlipa kwa fedha za kwao. Ya pili ni kumlipa kwa fedha za nchi aliko. Ya tatu ni kumtengenezea fedha ambazo si za kwao wala si za wenyeji, yaani noti zilizochapwa na jeshi lenyewe. Njia hii ya tatu nayo ina matawi mawili ambayo yafaa yatofautishwe tangu mwanzo, maana waandishi wengi huyachanganya. Kuna noti za uvamizi, ambazo jeshi huziingiza katika nchi iliyotekwa na kumlazimisha kila mtu, askari na raia, azipokee. Na kuna noti za kambini, ambazo raia amekatazwa hata kuzishika. Za kwanza zilitakiwa zienee. Za pili zilitakiwa zisivuke uzio. Historia ya karne ya ishirini ni historia ya jinsi kushindwa kwa tawi la kwanza kulivyozaa tawi la pili, na jinsi tawi la pili nalo lilivyovuka uzio.

Afrika Mashariki haikuwa mgeni wa mambo haya. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifunga bahari, koloni la Wajerumani la Tanganyika lilikatika kabisa na Ulaya, na serikali yake ikaishiwa sarafu za kuwalipa askari. Mwaka 1915 na 1916 noti za muda zilichapwa Dar es Salaam, na baadaye Tabora, kwa karatasi za kila namna zilizopatikana. Katika karakana ya reli ya Tabora mwaka 1916 ziligongwa sarafu za heller 5 na heller 20 kwa shaba iliyookotwa huku na huku, na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo za dhahabu hazikuzidi 16,200. Wabelgiji waliuteka mji wa Tabora mwezi Septemba 1916, na mwaka uliofuata jeshi lililokuwa likirudi nyuma kuelekea kusini lilifikia hatua ya kutengeneza noti kwa mihuri ya mpira porini. Dola ile ilikwisha, na noti zake zikawa karatasi. Lakini neno heller lilikwisha kuingia vinywani mwa watu, likavaa umbo la Kiswahili, na mpaka leo Mtanzania asiyejua neno lolote la Kijerumani husema hana hela. Neno limeishi kuliko fedha yenyewe.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta jambo la aina nyingine. Mapema mwaka 1941 majeshi ya Waingereza, pamoja na vikosi vya King's African Rifles na vile vya Afrika Magharibi na Afrika Kusini, yalitoka Kenya yakaiteka Somalia ya Waitalia, kisha yakaingia Addis Ababa mwezi Aprili. Fedha iliyofuata nyuma ya majeshi hayo ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ambayo makao yake yalikuwa London. Shilingi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya jeshi. Ilikuwa ile ile iliyotumika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Walakini katika nchi zilizotekwa ilifanya kazi ya fedha za kijeshi: ilikuja na askari, ikapewa thamani kwa amri ya askari, na ikawa njia ya kuifunga nchi mpya na masoko ya makoloni jirani.

Wahabeshi hawakuipokea kwa furaha. Kwa muda mrefu walikuwa wamezoea riale ya Maria Theresa, sarafu nzito ya fedha yenye tarehe ya 1780 isiyobadilika, na walijua kuipima kwa jicho na kwa mlio. Shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilikuwa na robo tu ya madini ya fedha, sehemu iliyobaki ikiwa madini duni. Mkulima wa nyanda za juu hakuhitaji kusoma uchumi ili aone tofauti. Waingereza wenyewe walilazimika kugonga riale za Maria Theresa, huko Bombay na kwingineko, ili waweze kununua nafaka na kuwalipa wapiganaji. Serikali ya Mfalme Haile Selassie, kwa upande wake, iliona jambo kubwa zaidi ya madini: nchi inayotumia noti za bodi iliyoko London haijarudishiwa uhuru wake wote, hata kama mfalme amekwisha kurudi katika kiti chake. Tarehe 23 Julai 1945 Ethiopia ilitoa dola yake yenyewe, kwa noti zilizochapwa Marekani na kwa sarafu za senti 50 zilizogongwa kwa fedha iliyotoka huko huko. Somalia ya Waitalia iliendelea kutumia shilingi mpaka 1950, ilipoletwa sarafu ya somalo, na Eritrea mpaka ilipounganishwa na Ethiopia mwaka 1952. Katika mjadala wa fedha za kijeshi mfano huu hutajwa mara chache, nao wastahili kutajwa kwanza, kwa sababu unaonyesha kwamba aliyetekwa au kukombolewa huisoma noti kama anavyoisoma bendera.

Wakati huo Marekani ilikuwa imeingia vitani na hofu yake ilikuwa nyingine kabisa: adui asije akaziteka dola. Baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, serikali iliamuru wakazi wa Hawaii wasalimishe noti za kawaida na wapewe nyingine zilizopigwa chapa kubwa ya neno HAWAII. Ikiwa visiwa vingeanguka, noti zenye chapa hiyo zingetangazwa kuwa batili. Noti za zamani, kiasi cha dola milioni 200, zilichomwa moto katika tanuri la kuchomea maiti na katika kiwanda cha sukari, kwani meli za kuzirudisha bara hazikuwa salama. Kwa majeshi yaliyotua Afrika Kaskazini mwezi Novemba 1942 zilitolewa dola zenye muhuri wa manjano, kwa shabaha hiyo hiyo. Waingereza nao walichapa noti za Mamlaka ya Kijeshi, zenye simba aliyesimama juu ya taji, kuanzia za peni 6 hadi za pauni 1, zikatumika Tripoli na katika nchi nyingine za bahari ya Mediterania.

Majeshi ya washirika yalipovuka kuingia Sicily mwezi Julai 1943 yalileta lira za kijeshi, ambazo nyuma yake ziliandikwa uhuru wa namna nne: wa kusema, wa dini, wa kutokuwa na dhiki na wa kutokuwa na hofu. Lira 100 zilihesabiwa kuwa dola 1. Kiwango hicho kiliinyanyua dola mno, hata askari wa kawaida akawa tajiri mbele ya duka la Mtaliani, na bei zikapanda haraka. Mwandishi wa maneno yale mazuri juu ya dhiki huenda hakufikiri kwamba noti iliyoyabeba ndiyo ingeongeza dhiki. Mwaka uliofuata zililetwa faranga za namna hiyo Ufaransa, na Jenerali de Gaulle akazikataa kwa ukali na kuziita fedha bandia, kwa kuwa hazikutolewa na mamlaka yoyote ya Kifaransa. Hoja yake na hoja ya Wahabeshi zilikuwa moja, ila yake ilisikika zaidi.

Kisa kilichobadilisha kila kitu kilitokea Ujerumani. Washirika walikubaliana kwamba nchi hiyo ikitekwa watatumia marki moja ya kijeshi katika maeneo yote. Marki hizo zilichapwa na kampuni ya Forbes mjini Boston. Muungano wa Sovieti ulisema hauwezi kusubiri shehena kutoka Boston, ukaomba upewe mabamba ya kuchapia ili uchape wenyewe. Wakuu wa uchapaji wa Marekani walionya kwamba hapatakuwa na njia ya kuhesabu noti zitakazochapwa kwingine, lakini siasa ya ushirikiano ikashinda, na kati ya Aprili na Mei 1944 Henry Morgenthau, Waziri wa Hazina, akaidhinisha mabamba yapelekwe Moscow. Noti zilizochapwa huko zilitambulika kwa kistari kidogo mbele ya namba, alama ambayo mtu asiyeambiwa asingeiona.

Katika Berlin ya kiangazi cha 1945 mambo mawili yalikutana. Askari wa Sovieti walilipwa malimbikizo ya mishahara yao, wengine ya muda mrefu sana, kwa marki hizo, nao hawakuwa na njia ya kuzibadilisha wakirudi kwao. Marki ambayo haina kazi nyumbani ni marki ya kutumia hapo hapo. Askari wa Marekani, kwa upande wake, aliweza kwenda na marki kwa afisa wa mishahara, akazibadilisha kwa kiwango cha marki 10 kwa dola 1 na kuzituma kwa mama yake kama dola halisi. Basi mmoja alikuwa na karatasi nyingi na hamu ya kununua. Mwingine alikuwa na saa ya mkononi, sigara na chokoleti, na nyuma yake alikuwa na Hazina ya Marekani. Katoni ya sigara iliyonunuliwa kwa bei ndogo katika duka la jeshi iliuzwa kwa dola 100 au zaidi. Saa zilitafutwa kuliko kitu chochote, na mlio wake ukisikika vizuri bei ilipanda. Katika mwezi wa Julai pekee ofisi ya mishahara ya Berlin ililipa kiasi cha dola milioni 1, na askari wale wale wakatuma nyumbani kiasi cha dola milioni 3.

Wenye kupenda mafumbo ya hesabu watauliza zile milioni mbili zilitoka wapi. Zilitoka kwa mlipa kodi wa Marekani. Jeshi lilikuwa likinunua kwa dola karatasi ambazo halikuwa limezitoa, na kufikia mwaka 1946 lilijikuta limekalia marungu ya fedha za kigeni yenye thamani ya mamia ya mamilioni ya dola kupita kiasi kilichoidhinishwa na Bunge. Kamati za Baraza la Senate zilifanya uchunguzi mwaka 1947, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo ilihusu yale mabamba ya kuchapia na nani aliyaruhusu yaende Moscow. Swali hilo liliwafaa wanasiasa wa wakati ule, lakini halikugusa kiini. Marki za Boston zingeweza kuleta hasara ile ile, kwani tatizo lilikuwa kule kukubali kubadilisha kwa dola marki yoyote iliyoletwa na askari, bila kuuliza ameipata wapi. Mwezi Novemba 1945 vilianza kutolewa vitabu vya kudhibiti fedha, ambamo kila askari aliandikiwa alicholipwa na alichotuma. Vilipunguza maradhi kwa muda, ila havikuyaponya.

Dawa iliyobuniwa ilikuwa Hati za Malipo za Kijeshi, zilizoanza kutumika tarehe 16 Septemba 1946. Waingereza walikuwa wamewatangulia kwa wiki chache: vocha zao maalumu za majeshi, za peni, shilingi na pauni, zilianza Ujerumani tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, zikitumika katika maduka na mikahawa ya NAAFI. Mpango wa pande zote mbili ulifanana. Askari alilipwa kwa hati. Kwa hati hizo aliweza kununua katika duka la jeshi, kutazama sinema ya kambini, kulipa bia yake na kununua stempu. Akitaka kwenda mjini alikwenda kwa afisa wa mishahara akabadilisha kiasi fulani kwa fedha za nchi ile. Lakini fedha za nchi hazikubadilishwa tena kuwa hati. Mlango ulifunguka upande mmoja tu. Juu ya kila noti palichapwa onyo kwamba ni kwa matumizi ya watu walioruhusiwa, ndani ya vituo vya jeshi la Marekani. Hata senti 5, 10, 25 na 50 zilikuwa za karatasi, maana kusafirisha sarafu za madini ng'ambo kulikuwa mzigo, na pia sarafu ya madini haiwezi kufutwa kwa siku moja.

Hapo ndipo palipokuwa na ncha ya mpango wenyewe. Waliotunga hati walijua kwamba uzio hauzuii karatasi. Dobi angelipwa kwa hati, kinyozi vivyo hivyo, na wanawake wa vilabu pia. Mfanyabiashara wa magendo angezikusanya zote kwa bei ya chini na kutafuta askari wa kuzipenyeza tena ndani. Basi kila baada ya muda jeshi lilitoa hati za sura mpya na kuzifuta za zamani kwa siku moja. Siku hiyo iliitwa Siku ya Kubadilisha, na tarehe yake ilikuwa siri kubwa. Asubuhi milango ya kambi zote za nchi ilifungwa kwa wakati mmoja. Hakutoka mtu wala kuingia. Askari walipanga foleni na hati zao zote, wakapewa mpya kwa thamani ile ile. Jioni ilipofika, noti iliyokuwa nje ya uzio haikuwa na thamani yoyote. Kati ya 1946 na 1973 zilitolewa hati za mifululizo 13, kwa hiyo jambo hili lilirudiwa mara nyingi, katika nchi zipatazo ishirini, kuanzia Ujerumani, Austria na Italia hadi Japani, Korea, Ufilipino na Libya. Mfululizo wa kwanza haukumaliza hata miezi sita: ulifutwa tarehe 10 Machi 1947.

Wasimulizi wa Kimarekani wamezoea kuisimulia Siku ya Kubadilisha kwa kicheko: watu wamejazana nje ya uzio, wanarusha mabunda ya noti ndani, wanawaahidi askari nusu au robo tatu ya fedha zote ikiwa watawabadilishia. Yapo mengi ya kuchekesha katika picha hiyo kwa aliyekuwa ndani. Huelezwa pia kwamba aliyeumia alikuwa mlanguzi, na mlanguzi alistahili. Maelezo haya hayatoshi. Mlanguzi mkubwa alikuwa na rafiki ndani ya kambi, pengine karani wa ofisi ya mishahara au meneja wa kilabu, na noti zake hazikukaa sana mkononi. Aliyekaa na noti kwa wiki kadhaa ni yule aliyezipata kidogo kidogo, kwa kufua na kupika, akaziweka chini ya godoro akisubiri zitoshe ada ya shule au kodi ya nyumba. Sheria ilisema hakuruhusiwa kuwa nazo, na hilo ni kweli. Lakini kazi aliyoifanya ilipokelewa, nguo zilivaliwa zikiwa safi, na aliyempa noti hiyo alikuwa na sare ya dola kubwa. Katika hesabu ya jeshi kila noti iliyobaki nje ilikuwa deni lililofutika. Yaani huduma iliyotolewa bure.

Mfano ulio wazi zaidi ni Vietnam ya Kusini. Hati zilianza kutumika huko tarehe 31 Agosti 1965, majeshi yalipoanza kumiminika na dola zao kutishia kuuvuruga uchumi wa nchi. Askari aliyewasili alisalimisha dola zake zote za kijani; kuwa nazo kulikuwa kosa. Tangu katikati ya 1966 alibadilishiwa kwa piasta 118 kwa dola, ilhali mtaani Saigon alipata zaidi ya hapo kwa hati, na zaidi ya hati kwa dola halisi. Pakawa na bei tatu za kitu kimoja, na palipo na bei tatu hapakosi mtu wa kukimbia katikati yake. Walionunua dola mtaani hawakuwa wauza matunda. Walikuwa matajiri waliotaka kuhamisha mali yao nje ya nchi kabla vita havijaamua jambo, na madalali waliowahudumia. Uchunguzi wa Baraza la Senate ulioendeshwa na kamati ndogo ya Abraham Ribicoff mwaka 1969 uliweka hadharani njia zilizotumika: hati zilizonunuliwa mjini ziliingizwa kambini kupitia vilabu na watu wenye vibali, zikageuzwa kuwa hawala au hundi za dola, zikaishia katika akaunti za benki ng'ambo. Idadi ya askari wa Marekani nchini humo ilizidi 500,000 mwaka 1968, na kila mmoja alikuwa mlango mdogo.

Mfululizo wa kwanza wa Vietnam ulidumu zaidi ya miaka mitatu, hadi tarehe 21 Oktoba 1968. Huo ulikuwa muda mrefu kupita kiasi. Hati zilikwisha kuwa fedha ya pili ya mji, na ziliaminiwa sokoni kuliko piasta. Ulipofutwa, hasara iliwakumba wengi. Uliofuata haukufika miezi kumi: ulifutwa tarehe 11 Agosti 1969. Wa tatu ulidumu hadi tarehe 7 Oktoba 1970, na mwezi huo huo kiwango cha askari kilipandishwa kutoka piasta 118 hadi 275. Inafaa isemwe waziwazi kwamba hatua hii ya mwisho, ambayo haikuhitaji siri wala kufunga milango, iligusa chanzo cha magendo, kwa kuwa ilipunguza ile faida ya kwenda mtaani. Kwa nini ilichelewa miaka minne? Sababu moja ni kwamba serikali ya Saigon iliishi kwa kiwango kile cha chini, ambacho kiliipatia dola kwa bei nafuu. Mfuaji nguo alifutiwa noti zake mara mbili ndani ya miezi kumi ili kiwango hicho kisiguswe.

Picha zilizowekwa juu ya hati hizo zinasema jambo lake. Zile za awali zilikuwa na sura za wanawake wa kubuniwa. Mfululizo wa 1969 ulikuwa na nyambizi na mwanaanga anayeelea nje ya chombo chake. Juu ya noti ya dola 20 ya mfululizo wa mwisho wa Vietnam palikuwa na sura ya Ouray, chifu wa watu wa Ute, mmoja wa mataifa ya wenyeji wa Amerika ambayo ardhi yao ilichukuliwa kwa mikataba iliyoandikwa kwenye karatasi. Waliochagua picha hiyo bila shaka walitaka kumheshimu. Mfululizo huo uliondolewa tarehe 15 Machi 1973, wiki mbili kabla ya vikosi vya mwisho vya mapigano kuondoka nchini. Korea, ambako hati zilitumika muda mrefu zaidi, ilifuata tarehe 19 Novemba mwaka huo huo, na mpango ukafungwa. Mifululizo miwili mingine iliyokwisha kuchapwa haikutolewa kamwe.

Haikuwa kwamba magendo yamekwisha. Kilichobadilika ni kwamba dola ilikuwa imeacha kulindwa na dhahabu mwaka 1971, viwango vya kubadilishia vilikuwa vikielea, na pengo kati ya bei ya serikali na bei ya mtaa lilipungua katika nchi nyingi zenye kambi. Baadaye, katika vita vya Afghanistan na Iraq, duka la jeshi la Marekani lilitoa tena vipande vya kadibodi vya senti 5, 10 na 25, kwa sababu sarafu za madini zilikuwa nzito kwa ndege. Na badala ya noti askari alipewa kadi yenye mshahara wake ndani. Kadi haiwezi kupewa dobi. Kwa upande huo mtambo mdogo umefanya kile ambacho mifululizo 13 ya noti ilishindwa kukifanya.

Wajapani walikuwa na noti zao pia, nazo zilikuwa za tawi lile la kwanza, la uvamizi. Ziliitwa gunpyo. Katika Hong Kong, iliyotekwa mwezi Desemba 1941, wakazi walilazimishwa kubadilisha dola zao kwa yeni za kijeshi, kwanza kwa dola 2 kwa yeni 1, na tangu Julai 1942 kwa dola 4 kwa yeni 1. Kuanzia Juni 1943 kumiliki dola za Hong Kong kulipigwa marufuku, na aliyepatikana nazo aliadhibiwa. Hapa hapakuwa na hoja kwamba mwenyeji hakuruhusiwa kushika noti, aliamriwa azishike. Tarehe 6 Septemba 1945, siku chache baada ya Japani kutia saini ya kusalimu amri, Wizara ya Fedha ya Tokyo ilitangaza kwamba yeni zote za kijeshi ni batili.

Watu wengi walizitupa au wakawapa watoto wazichezee. Wengine waliziweka. Mwaka 1968 waliozihifadhi waliunda chama cha kudai fidia, na mwaka 1993 baadhi yao wakaishtaki serikali ya Japani mjini Tokyo. Tarehe 17 Juni 1999 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ilitoa hukumu. Ilikiri kwamba watu wa Hong Kong walipata mateso na hasara. Ikasema kwamba hakuna sheria, ya Japani wala ya kimataifa, inayoilazimu serikali kuzilipa noti hizo. Rufaa yao nayo ilikataliwa. Wadai walirudi Hong Kong na masanduku yao. Noti zilikuwa bado mpya, nyingine zikiwa zimefungwa kwa karatasi za benki kama zilivyotolewa.